Mstari wa Paa

Nyumba Nyeupe
4 Februari

Dada Mwenyekiti,

Nimefika, na mlango umefunguka baada ya kuubembeleza. Nakushukuru wewe na kamati yako kwa kunipa nyumba ya marehemu baba yako nikae humu mpaka kitabu cha maisha yake kiishe. Lakini tulikubaliana tusifichane, kwa hiyo naanza na lililonikaa kooni: Dada, nyumba inanuka.

Sisemi vumbi. Vumbi nimelila vya kutosha katika utafiti huu. Hii ni harufu ya choo. Inakupokea mlangoni, inapanda nawe ngazi, na ukikaa kwenye kile kiti cha ngozi alichokichora Mzee mwenyewe, inakaa pembeni yako kama mgeni asiyejua kuaga. Jana mkate wangu nimeulia nje barabarani, nimesimama, mtu mzima na shahada zangu, wapita njia wananishangaa. Nguo zangu zimeshaanza kunuka. Leo dukani muuzaji alirudi nyuma kidogo nilipomkaribia, akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Na hii ndiyo nyumba niliyowafundisha wanafunzi wangu miaka nenda miaka rudi, yote kwa picha. Kuta nyeupe, upande mzima wa kioo unaotazama bustani, paa bapa lililonyooka kama limekatwa kwa wembe, hakuna hata kitu kimoja kinachochomoza juu yake. Mzee aliandika kwamba paa ndiyo sahihi ya msanifu majengo, na kwamba asiyeweza kunyoosha paa hatanyoosha kitu kingine chochote. Wanafunzi wangu wanayajua maneno hayo kwa moyo. Mimi ndiye niliyewakaririsha.

Ile picha mashuhuri bado imetundikwa sebuleni: mama yako akiwa kijana, gauni jeupe, amesimama mbele ya kioo, kidevu juu, midomo imefungwa, tabasamu la mbali. Niliwahi kuiandikia ukurasa mzima na kuiita "utulivu wa maisha mapya". Najua Mama yu hai. Mbona kwenye mpango wa kitabu mlionipa hayumo popote? Ningependa kuongea naye, hata kidogo.

Na tafadhali, niruhusu niite fundi.

Wako mwenye kushika pua,
Mwalimu


Nyumbani
11 Februari

Mwalimu,

Umenichekesha na umeniudhi, yote kwa barua moja. Nyumba imefungwa miaka na miaka, ulitegemea inukie waridi? Fungua madirisha. Nimemwambia mtunza bustani akuletee dawa ya choo, mimina kwenye kila tundu. Fundi hapana. Baba hakuruhusu fundi yeyote apande juu wala afukue chini katika nyumba ile bila yeye kuwepo, na mimi sitaanza kuvunja amri zake sasa, wakati kamati inajiandaa kuifungua kwa umma.

Hilo la Mama naomba tulimalize hapa hapa. Hayumo kwenye kitabu kwa sababu nampenda. Najua wewe si wa kuambiwa nusu nusu, kwa hiyo nakwambia, lakini usiliandike. Mama hakuwa mtu wa usafi. Sijui nilisemeje bila kumvunjia heshima. Alipewa nyumba nzuri kuliko zote mjini, akaitia harufu isiyotoka. Nimekua nayo hiyo. Watoto wenzangu waliitwa na mama zao warudi kwao kabla hawajavuka geti letu.

Baba alivumilia. Alitembea na leso yenye marashi, na wageni wakiwa mezani aliipitisha puani taratibu akasema, "Mke wangu bado anajifunza nyumba ya kisasa." Watu wanacheka, yanaisha. Mwanamume mwingine angemtia ngumi. Mwishowe aliondoka Mama mwenyewe, na Baba akanilea. Nyumba tukaifunga, tukahamia juu ya ofisi yake, maana alisema harufu imeshaingia kwenye kuta, haitoki tena.

Kama unataka kitu cha kifamilia, chukua hiki, wasomaji watakipenda. Watu wanadhani Baba alikuwa jiwe. Hawakumjua. Tulikuwa na mchezo wetu wa siri mimi na yeye: Mama akipita, tunabana pua, wa kwanza kuachia ameshindwa. Nilikuwa mdogo sana, nacheka mpaka naanguka chini, na Baba ameshika pua huku anasoma gazeti kama hakuna kitu. Hicho kiandike. Kinaonyesha alivyokuwa na utani.

Siku hizi Mama yuko kwangu, chumba cha uani. Anasugua sakafu kutwa kucha, mikono imechubuka kwa dawa. Wageni wakija hatoki. Siku ya ufunguzi amesema hatakuja, nasi hatukumshurutisha. Basi, tumemaliza.

Binti wa Msanifu


Nyumba Nyeupe
19 Februari

Dada Mwenyekiti,

Dawa ya choo imefika na nimeimimina yote. Sasa nyumba inanuka choo kilichopakwa dawa. Nimetapika mara moja, kwenye bustani, nyuma ya sanamu moja ya chuma. Mtunza bustani aligeuza uso kwa adabu.

Ule mchezo wa kubana pua sitauandika. Nilipoufikia niliiweka barua yako mezani, nikatoka nje kutembea. Sikujua kwa nini umenikereketa hivyo. Sasa naanza kujua, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Juzi nilivuta maji choo cha juu, na nikiwa ngazini nikasikia sinki la jikoni linakoroma. Nikarudi nikavuta tena, safari hii nikakimbia. Nimelikuta sinki linameza maji yake mwenyewe, kwa sauti, kama mlevi anayemaliza supu. Muda si muda harufu ikapanda pale pale mpaka machozi yakanitoka. Nikajaza ndoo, nikamwagia kila tundu ndani ya nyumba. Harufu ikapungua. Nikavuta choo tena. Ikarudi.

Wewe si mtu wa majengo, kwa hiyo nakueleza kwa lugha ya nyumbani. Chini ya kila sinki bomba limepinda kama kiwiko. Kwenye kiwiko hicho hukaa maji kidogo, na ndiyo yanayozuia hewa ya shimo la maji taka isipande ndani. Sasa, nyumba yoyote yenye choo cha kuvuta huwa na bomba la hewa. Linaanzia kwenye mabomba ya maji machafu, linapanda mpaka juu ya paa, linasimama pale limechomoza, halipendezi, hakuna anayeliangalia. Linaitoa nje ile hewa. Nalo lisipokuwepo, maji mengi yakishuka kwa kishindo yanayanyonya maji ya kwenye viwiko vyote. Viwiko vikikauka, shimo linapumulia sebuleni.

Nikaazima ngazi kwa mtunza bustani, nikapanda paani. Najua ulikataza fundi. Mimi si fundi, ni mwalimu tu mwenye kizunguzungu. Bomba la hewa halipo. Lakini pale lilipostahili kuwa, juu ya choo sawasawa, kuna duara la saruji la ukubwa wa sahani, rangi yake imezidi weupe kidogo kuliko sehemu nyingine ya paa. Nikaligonga kwa kisigino cha kiatu. Chini yake ni wazi.

Dada, hilo hakuna mwanamke wa kulisugua likatoka. Angesugua mpaka abaki mifupa.

Mwalimu


Nyumbani
25 Februari

Mwalimu,

Nilikuchagua uandike maisha ya Baba, sikukuchagua uchungulie vyoo vyake. Unajua ni watu wangapi waliitaka kazi hii? Nimewafungia mlango wote kwa ajili yako, kisha wewe unapanda juu ya paa la marehemu na viatu vyako na kuanza kumpaka matope.

Umelala humo wiki tatu, unataka kuniambia ilikuwaje nyumba niliyokulia? Mimi ndiye niliyepelekwa shule nikiwa nimesuguliwa kwa brashi mpaka ngozi inawaka, kwa sababu Mama alijua. Mtu hasugui hivyo kama hajui anachokificha. Na hapa kwangu hapanuki kwa sababu anasugua kutwa, na kwa sababu mimi nimesimama naye kidete. Akiacha, tutaona.

Kama kweli kuna bomba limesahauliwa, alilisahau fundi. Baba hakuwa mtu wa kusahau. Alijua kila msumari wa nyumba ile, alikuwa anaweza kukuamsha usingizini akakutajia umepigwa wapi. Mtu wa namna hiyo angekaa na uvundo kwake miaka yote asijue unatokea wapi?

Nakuomba uchague. Uandike kitabu tulichokubaliana, au urudishe funguo kwa mtunza bustani, na kamati itamtafuta mwingine. Mama hana habari za mambo haya na hatakuwa nazo. Ni mtu mzima, ana amani yake, sitaki uje umtibue.

Binti wa Msanifu


Nyumba Nyeupe
3 Machi

Dada,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje, maana ndani siwezi tena, wala sizungumzii harufu.

Umesema baba yako hakuwa mtu wa kusahau. Sentensi hiyo imenitoa nyumbani asubuhi nikaenda kumtafuta Mchoraji. Unamkumbuka bila shaka, yule msaidizi wake wa ofisini aliyemchorea ramani zote. Ni mzee sasa, anaishi na mkwewe, kavaa suti kunipokea. Kwenye orodha ya watu wa kuhojiwa mlimpa alama ya nyota: "rafiki mwaminifu, anajua vichekesho vingi". Kweli anavijua. Amenichekesha mpaka chai ya pili. Ndipo nikamuuliza kuhusu duara la saruji.

Hakushtuka hata kidogo. Alifurahi, Dada. Akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Ah, umeliona! Kumbe bado linaonekana?" Nakuandikia aliyonisimulia bila kutia chumvi, na wewe utaona kwamba hayahitaji.

Bomba lilikuwepo. Fundi alilijenga kama inavyotakiwa, na mama yako alikaa wiki kadhaa katika nyumba isiyonuka chochote ila rangi mpya. Kisha zikatoka picha za kwanza za gazeti la wasanifu. Katika kila picha bomba limesimama juu ya paa. Baba yako alizichana zote mbele ya wafanyakazi. Alisema amepoteza miaka ya maisha yake kutafuta mstari ule, halafu choo kimeutia kidole. Akaagiza likatwe, lizibwe kwa saruji, na mpiga picha aitwe upya.

Wakati huo mama yako alikuwa hospitali ya uzazi. Alikuwa anakuzaa wewe.

Siku chache baadaye ofisi nzima ilikuwa inanusa walipokwenda kupanga samani kwa ajili ya picha mpya. Mchoraji anasema alimwambia, "Mzee, hili bomba lazima lirudi." Nakuandikia jibu kama alivyonipa, akiigiza na sauti: "Mke wangu anarudi na mtoto mchanga. Nyumba yenye mtoto mchanga hunuka. Hakuna atakayeuliza."

Na hakuna aliyeuliza. Akarudi mama yako kutoka hospitali, kidonda hakijapona, ananyonyesha, akaingia ndani ya harufu ile, na mumewe akamtazama yeye. Na wale watu wa ofisini waliokula mezani kwake, walioona leso inapita puani, kila mmoja alijua kilichokatwa paani. Ndiyo maana walicheka. Kichekesho hakikuwa usafi wa mke. Kichekesho kilikuwa kwamba mke hajui.

Nilimuuliza Mchoraji kama hakuwahi kumwambia. Akasema, "Mambo ya mke na mume, mtu huingii." Akanisogezea biskuti. Nilitazama vidole vyake kwenye sahani, nikaaga bila kumpa mkono. Nilipofika barabarani nilitema mate kama mtu aliyeonja kitu kibovu.

Nimeichukia hata kalamu yangu. Lakini funguo sirudishi, na kitabu mlichokitaka siandiki. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa barua iliyosainiwa na kamati nzima, na useme sababu.

Kabla hujafanya hivyo nakuomba kitu kimoja tu. Usimwambie Mama lolote. Muulize harufu ilianza lini.

Mwalimu


Nyumbani
20 Machi

Mwalimu,

Nilikuwa nimeshaiandika barua ya kukufukuza. Ilikuwa nzuri, ungeisifu.

Jana jioni nilikwenda uani. Mama alikuwa kapiga magoti, anasugua ile pembe ya mlango ambayo haina hata doa. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ilianza nilipokuzaa."

Akaendelea mwenyewe, na brashi inakwenda. Anasema alipoondoka kwenda hospitali nyumba ilikuwa nzuri. Alirudi akaisikia mlangoni tu, akajua imekuja naye. Baba alimwambia kuna wanawake wakizaa wanaharibika ndani, wanatoa harufu wasiyoisikia wenyewe, na kwamba yeye atamvumilia, mradi asiwaendee madaktari kuitangaza aibu ya nyumba. "Mimi nilikuwa naisikia," akasema Mama, "nikaona angalau mimi si wa wale wasioisikia." Kisha akasema mimi niliichukua kidogo kutoka kwake, ndiyo maana alinisugua, ili nisije nikakosa mume.

Aliniambia hivyo kwa upole kabisa. Aliniomba radhi, Mwalimu. Yeye, mimi.

Nimemwambia yote, pale pale sakafuni. Sikujua niyapange vipi, nikayamwaga. Alinisikiliza, akauliza swali moja: "Bomba lenyewe ni nene kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa vidole. Akaiangalia nafasi iliyokuwa kati ya vidole vyangu, akainuka, akaenda akajifungia.

Ile leso ninayo. Nimeitunza kwenye sanduku la vitu vya thamani tangu alipofariki, kamati ilipanga kuiweka ndani ya kioo watu waitazame. Nimeitoa leo asubuhi kwa ncha ya koleo la mkaa, kwa sababu vidole vimekataa. Bado inanukia. Nimeichoma uani na moshi wake ukaniingia kooni, nimeoga mara mbili lakini nausikia hadi sasa.

Ita fundi. Lile duara litobolewe. Bomba lirudi, refu, lionekane kutoka getini.

Binti wa Mama


Nyumba Nyeupe
2 Aprili

Dada yangu,

Limesimama. Fundi aliuliza alifupishe kiasi gani ili lisiharibu sura ya nyumba, nikamwambia arefushe. Ni jeusi, ni baya, limepinda kidogo kushoto. Nimevuta choo cha juu na kukimbilia jikoni kama mwendawazimu, na sinki limekaa kimya. Nimevifanyia kazi hiyo viwiko vyote. Leo nimekula mezani, ndani, nimekaa chini.

Harufu haikutoka siku hiyo hiyo. Ilipungua kama homa, na jana nilipoamka haikuwepo. Sasa nasikia vitu ambavyo sikujua vipo humu: mbao za sakafu, karatasi, majani yaliyokatwa bustanini. Nyumba ni nzuri kweli, na hilo linanichukiza kupita yote. Ingekuwa mbovu ningemdharau nikalala. Kumbe alijua kujenga. Mwanga wa asubuhi unaingia sebuleni kwa namna ambayo sijaiona kwingine, na mtu aliyeweza kuwaza hilo ndiye aliyemtazama mzazi ananyonyesha akamwambia ameoza.

Wanakamati wawili walipita jana. Wa kwanza alivuta pumzi akasema, "Ajabu, hakunuki." Wa pili alitazama juu akasema, "Lakini hilo dude!" Mpiga picha wa jalada la kitabu yeye hakuona tabu, amesema atalifuta kwenye kompyuta, hakuna atakayejua. Nilimtazama nikaona suti ya Mchoraji. Nimemwambia asubiri neno lenu, wewe na Mama.

Mlete, Dada. Asije siku ya ufunguzi kama hataki. Aje siku ya kawaida, aje anuse. Mwambie nina swali moja kwake juu ya ile picha yake ya gauni jeupe. Nilishaandika ukurasa mzima kuhusu alichokuwa anafikiria, na sijawahi kumuuliza.

Mdogo wako,
Mwalimu


Uani
18 Aprili

Mwanangu Mwalimu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Binti yangu alitaka aniandikie, nikamwambia mkono wangu unafanya kazi. Siku ile nilipokuja kwako sikuongea, usinifikirie vibaya. Nilikuwa na kazi ya kunusa.

Ulinikaribisha kwenye kile kiti cha ngozi nikakataa, ukadhani nina haya. Sikuwa na haya. Kiti ni chake, sitaki kinishike. Uliniona nikiinama kwenye sinki la jikoni, nikapanda juu nikainama kule, nikarudi nikainama tena, ukasimama mlangoni unalia kimya kimya. Mimi sikulia. Nilikuwa nasubiri harufu itokee. Nikasema moyoni, nimeingia mimi, sasa itatokea. Nimekaa mpaka jua likahama ukutani. Haikutokea.

Unajua kilichonishika, mwanangu? Watu wanasema nitafurahi. Kimenishika kinyaa. Si cha choo, choo ni choo. Ni cha mkono wake. Alikuwa na kawaida ya kunigusa bega kwa kidole kimoja mbele ya wageni, wanasema ananionea huruma. Sasa kile kidole nakisikia begani nikilala. Nilimshukuru kwa kile kidole. Nilimpikia. Nilimwombea alipokufa. Nikikumbuka hilo la kumwombea, chakula kinarudi mdomoni.

Usiniandikie eti nimepumzika. Bado nasugua. Jana asubuhi nimejikuta nimepiga magoti na brashi mkononi, nikajiambia, we mama, acha, si wewe. Nikaacha. Adhuhuri nimejikuta tena. Mikono haijapata habari. Binti yangu akinikuta hivyo anakaa chini sakafuni karibu yangu, karibu kabisa, ananilalia begani. Zamani hakukaa karibu. Tunakaa hivyo hivyo wawili, na ndoo.

Kamati amewajibu mwenyewe. Jalada litakuwa na bomba, na atakayelifuta atafute mwenyekiti mwingine. Mimi nimeongeza neno moja tu: waliotaka kuona mstari wa paa wameuona miaka mingi, sasa waone na choo kilipokuwa.

Kumsifu msifu. Nyumba ni nzuri, hata mimi nimeiona safari hii, zamani nilikuwa naangalia sakafu. Sema alijenga vizuri, halafu geuza ukurasa useme na hili, kwa herufi zile zile, usiliweke chini kwa herufi ndogo. Na Mchoraji mtaje. Kama anapenda vichekesho, hiki nacho ni chake.

Sasa swali lako. Umeniuliza siku ile ya gauni jeupe nilikuwa nawaza nini, na binti yangu amenisomea ulivyoandika, utulivu sijui wa maisha gani. Maneno mazuri, umesoma. Lakini yafute. Sikuwa nawaza kitu. Mtoto alikuwa analia chumbani, mpiga picha ni wale wa kurudia rudia, na mume wangu amesimama nyuma yake ananiambia kidevu juu, usisogee. Wala sikutabasamu.

Nilikuwa nimebana pumzi.

Mama